Ngome ya Mwanza, Mfalme wa Bukavu

Msikilizaji, uwe Mvumi, Mpwapwa, Migoli ng'ambo ya bwawa, au ndani ya basi la Iringa lililosimama hapa Mtera ili abiria wanunue perege wa kukaanga, leo sizungumzii samaki. Maji nitayagusa, lakini baadaye. Naanza na herufi moja tu, R.

Tuseme unazo karatasi mbili za mchezo wa sataranji, au chesi kama vijana wanavyouita. Moja imeandikwa Mwanza, nyingine Bukavu. Zote zina hatua ileile: R, kisha f, kisha 1. Karatasi ya Mwanza inasema ngome imekwenda kwenye mraba wa f1, maana mchezaji wetu amefundishwa kwa Kiingereza na kwake R ni ngome. Ile ya Bukavu inasema aliyekwenda f1 ni mfalme mwenyewe, maana kule wamesoma kwa Kifaransa, na R ndiyo herufi inayoanza jina la mfalme. Sheria za FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huu lililoundwa Paris mwaka 1924, zinamruhusu kila mchezaji kutumia herufi zinazotumika kwao. Kwa hiyo wote wawili wako sawa kabisa. Kosa linazaliwa siku karatasi hizo zinapofika mikononi mwa mtu mmoja anayeziingiza kwenye kompyuta saa nne za usiku, macho mazito, wala haulizi zimetoka wapi. (Na tusijidai kwamba Kiswahili kingetuokoa: mfalme na malkia wangegombea M, na mwamuzi angekuwa na kazi.)

Kinga ipo. Kabla hujaingiza hata hatua moja, andika imetoka wapi karatasi hiyo na herufi zake ni za lugha gani. Kompyuta itakusaidia kiasi fulani, kwa kuwa programu hukataa hatua isiyowezekana. Kama kete uliyoitaja haina njia ya kufika f1, itagoma. Taabu inakuja pale ambapo mfalme na ngome wote wawili wanaweza kufika. Programu inapokea kimyakimya, mchezo unasonga, na hatua kumi mbele mambo hayaendi tena. Ndipo unapoanza kumlaumu mchezaji kwamba hajui kuandika.

Mchezo huu una bahati ambayo michezo mingi haina. Unaweza kuandikwa wote, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, kwenye karatasi moja, na mtu atakayezaliwa miaka mia ijayo akaucheza upya mezani kwake bila kupungukiwa. Ubao una miraba 64, na kila mraba una anwani yake, kuanzia a1 hadi h8. Katika mashindano ya muda mrefu kila mchezaji analazimika kuandika hatua zake na za mpinzani, na sheria zinasema wazi kwamba karatasi hiyo ni mali ya mwandaaji wa mashindano. Mwaka 1993 mtaalamu wa kompyuta Steven Edwards alitunga utaratibu mmoja wa kuiandika michezo hiyo kwenye faili, unaoitwa PGN. Ni maandishi matupu, yanafunguka kwenye kompyuta yoyote, hata ile ya zamani inayopumua kwa shida. Juu ya kila mchezo yanakaa mambo saba: jina la mashindano, mahali, tarehe, raundi, aliyecheza nyeupe, aliyecheza nyeusi, na matokeo. Chini yake zinafuata hatua. Kusanya maelfu ya michezo ya namna hiyo mahali pamoja, weka njia ya kuitafuta, na hiyo ndiyo kanzidata.

Tangu mwaka 1994 Mwingereza Mark Crowther amekuwa akikusanya kila wiki michezo ya mashindano makubwa ya dunia na kuitoa kwa yeyote anayeitaka. Kabla yake, katikati ya miaka ya 1980, kampuni ya ChessBase ya Hamburg ilikwisha anza kutengeneza programu za kazi hii, na Garry Kasparov akawa miongoni mwa wa kwanza kuzitumia kujiandaa dhidi ya wapinzani. Leo kuna Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, inayotoa bure mafaili ya michezo yote ya kupimwa viwango iliyochezwa kwake, makumi ya mamilioni kila mwezi. Hilo la mwisho usilikimbilie. Bando lako litakwisha hata robo hujafika, na mwalimu wa shule ya kata hana analoweza kufanya na michezo milioni tisini, mingi ya dakika chache tu. Faili la wiki la Crowther ni dogo, linabebeka kwenye fleshi, na linamtosha mwanafunzi kwa mwezi mzima.

Ila humo kijana wa Mtera ataona michezo ya juzi ya Wahindi na Wachina. Ya jirani zake wa Dodoma hataikuta mpaka mtu wa hapa aketi na kuiingiza. Na akiketi, kuna uchafu wa kila aina unaomsubiri. Ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Wakisikia neno kusafisha, wao wanafikiria kufuta. Mimi nasema anayefuta kwa haraka ameharibu zaidi ya yule aliyechafua.

Nianze na uchafu mkubwa kuliko wote, nao ni majina.

PGN inataka jina la ukoo kwanza, kisha mkato, kisha jina la mtu. Walioupanga utaratibu huo walikuwa watu wenye jina la ukoo. Wengi wetu hapa tuna jina letu, jina la baba na jina la babu, basi. Mchukulie Juma Hamisi Saidi. Mashindano ya kwanza mwamuzi kamwandika Hamisi, mkato, Juma. Ya pili kaandikwa Juma, mkato, Hamisi. Ya tatu orodha imetoka shuleni, kawa Saidi, mkato, Juma H. Kwa kompyuta hao ni watu watatu, na ukitaka kujua Juma anapenda kufungua vipi akicheza nyeusi, utapata theluthi moja ya habari zake. Hilo linatibika: ukigundua, unayaunganisha majina. Baya zaidi ni kinyume chake. Kuna Juma Hamisi wa Kondoa na Juma Hamisi wa Tanga, na msafishaji mwenye bidii, akiona majina yanafanana, anawafanya mtu mmoja. Kuwatenganisha baadaye ni kazi ya siku nyingi, tena kazi ya kukisia, kwa sababu alama ya kwamba walikuwa wawili imeshafutika.

Majirani zetu wana yao. Mchezaji wa Uganda Arthur Ssegwanyi, mwenye cheo cha kimataifa, anaandika jina lake kwa S mbili, kama Kiganda kinavyotaka. Mtu asiyekijua Kiganda anadhani kidole kiliteleza, anafuta S moja, na mchezaji anagawanyika. Hapa kwetu uwanja wa kujipima ni majina ya Kigogo. Jaribu kuandika Ng'hong'honha, ile kata ya jijini Dodoma, kwa watu watano tofauti, uone utapata tahajia ngapi. Halafu kuna balaa ambalo macho hayalioni: ile alama ya king'ong'o. Kibodi ya kompyuta inaiweka ikiwa imesimama wima, baadhi ya simu zinaiweka ikiwa imepinda. Wewe unasoma jina lilelile, kompyuta inasoma majina mawili. Nawashauri wenye kanzidata waanze hapo, wabadilishe zote ziwe za aina moja, ndipo waendelee na mengine.

Kuna pia dada zetu wanaobadili majina wakiolewa. Dawa ya yote haya ni namba. Kila mchezaji aliyesajiliwa na FIDE ana namba yake, nayo haibadiliki akiolewa, akihama, au karani akikosea tahajia. Ifungie namba hiyo pamoja na jina kwenye kila mchezo, na nusu ya ugomvi umekwisha. Kwa wale ambao hawajasajiliwa, hasa watoto wa shule, weka majina yote matatu pamoja na shule au wilaya. Usione uvivu.

Na pale usipojua, acha wazi. Phiona Mutesi, mchezaji wa Katwe, Kampala, dunia nzima ilimjua kupitia kitabu cha Tim Crothers cha mwaka 2012 na filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016. Tarehe yake kamili ya kuzaliwa haijulikani. Watu husema karibu mwaka 1996. Kanzidata ina nafasi ya kuandika mwaka wa kuzaliwa, na nafasi tupu humkera mtu nadhifu. Atajaza tu. Kumbe "karibu" imeshageuka "hakika", na atakayekuja baadaye atanukuu. Jambo la maana kuhusu Mutesi ni michezo yenyewe: alikuwepo kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, na ile ya Istanbul mwaka 2012, ambako yeye na Ivy Amoko walipata vyeo vya kwanza vya wanawake wa Uganda. Filamu ina haki ya kutia chumvi. Karatasi ya mchezo inakuonyesha alichosogeza.

Mahali na tarehe nitapita haraka. Dar es Salaam, Dar, DSM na D'Salaam ni miji minne machoni pa mashine, chagua mmoja. FIDE hutumia herufi TAN kwa Tanzania, mitandao mingine TZA, chagua moja. Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na kama siku huijui weka alama za kuuliza, usiweke tarehe mosi Januari. Mashindano mengi mno yangeonekana yamechezwa siku ya mwaka mpya.

Sasa mapacha. Ndivyo wanavyoita mchezo mmoja ulioingia mara mbili. Unaletwa na Crowther, unaletwa tena na rafiki yako, na wa tatu umeuingiza wewe mwenyewe. Programu za kutunza kanzidata zina kitufe cha kuwasaka na kuwaondoa, na ni kitufe kitamu kukibonyeza; unaona idadi inashuka, unajiona umefanya kazi. Taratibu. Mashine inalinganisha wachezaji, tarehe, matokeo na hatua. Ukiilegeza ilinganishe hatua peke yake, itaua wasio na hatia. Mabingwa wakubwa wakitaka sare ya mapema huwa na njia zao zilizozoeleka, hatua kumi na nne, kumi na tano, kete zinarudi zilipotoka, wanapeana mikono. Mchezo uleule umechezwa na watu tofauti mara nyingi sana. Nenda sasa kwenye mashindano ya shule za msingi. Watoto wawili wamefungwa kwa hatua nne, malkia na askofu wakiungana pale f7, meza ya kwanza na meza ya sita, asubuhi ileile. Ni michezo miwili halisi. Watoto wawili walilia.

Na hata mapacha wa kweli hawalingani. Mmoja ameishia hatua ya 40 na mwingine ya 62. Mmoja ana maelezo ya mchezaji mwenyewe, mwingine mtupu. Programu ikiachiwa ichague bila maelekezo, inaweza kumbakiza yule dhaifu.

Kuna uchafu mwingine unaonichekesha kila ninapouona. Mashindano makubwa hutumia mbao zenye vihisio, ambazo hutuma hatua moja kwa moja kwenye kompyuta; zile za kampuni ya DGT ya Uholanzi zimeenea zaidi. Mchezo ukiisha, wafalme wawili huwekwa katikati ya ubao ili kuonyesha matokeo: miraba myeupe ya e4 na d5 kama nyeupe kashinda, miraba myeusi kama nyeusi kashinda. Mara nyingine ubao unahesabu tendo hilo kuwa hatua. Basi unasoma mchezo mzuri wa bingwa, mpinzani kakubali kushindwa, na ghafla mfalme anatoka maficho yake na kutembea katikati ya uwanja wa vita. Mwanafunzi anabaki kujiuliza hekima yake ni nini. Hekima hakuna, msikilizaji. Ni mwamuzi alikuwa anafunga meza.

Matokeo nayo yana mtego. Unakuta nyeusi ana malkia na ngome zaidi, lakini imeandikwa nyeupe kashinda. Mkono unawasha kugeuza. Usigeuze. Huenda nyeusi aliishiwa muda, huenda simu yake ililia mfukoni, huenda aliugua. Tena katika mashindano yasiyo na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, mchezaji aliyebakiwa na chini ya dakika tano halazimiki kuandika. Ndiyo maana karatasi nyingi za kwetu zinakatika hatua ya 35 au 40, palipokuwa na moto, na matokeo yanaonekana kuanguka kutoka mbinguni. Mchezo uliokatika uache ulivyo, andika kwenye mabano ya maelezo kwamba karatasi inaishia hapo. Kuna wanaobuni hatua za kumalizia ili mchezo upendeze. Huo ni uongo, hata ukiwa na nia njema.

Nije Nairobi, Aprili 2023. Kwenye mashindano ya wazi ya Kenya, upande wa wanawake, alijitokeza mchezaji asiyefahamika na mtu, amevaa buibui, nikabu na miwani, hazungumzi na yeyote. Akaanza kuwafunga wachezaji wenye majina. Waandaaji hawakutaka kumvunjia heshima mwanamke wa Kiislamu, wakasubiri. Lakini viatu vilikuwa vya kiume, na uchezaji haukuwa wa mgeni. Alipoitwa pembeni ikabainika ni kijana wa kiume wa miaka 25, kajisajili kwa jina la mwanamke asiyekuwepo. Alikiri, akasema ni shida ya fedha, akaomba radhi. Pointi zake zikafutwa, wapinzani wake wakapewa.

Habari ilizunguka dunia, watu wakacheka, wakasahau. Mtunza kanzidata hawezi kusahau, kwa sababu michezo ile ilichezwa. Mbele ya kijana yule waliketi wanawake halisi, waliofikiri kwa saa nzima na kusogeza kete kwa uaminifu. Ukiifuta, umewafuta na wao. Ukiiacha kama ilivyo, umemzaa mwanamke ambaye hakuwahi kuishi, na miaka ishirini ijayo mtu ataandika kwamba Kenya ilikuwa na mchezaji hodari wa kike aliyetoweka. Ukiweka jina la kijana, orodha yako haitalingana na orodha rasmi ya mashindano, na atakayelinganisha ataona ni wewe uliyekosea. Nimelifikiria hili sana. Mimi ningeacha jina lilelile lililosajiliwa, niache na matokeo ya mezani, maana ndiyo yanayoendana na hatua zinazosomeka. Halafu juu kabisa niandike kwa maneno ya wazi kwamba jina ni la uongo, mchezaji aliondolewa, na pointi walipewa wapinzani. Kisha niutie mchezo alama ya kutoingia kwenye hesabu za takwimu. Kuna wanaoshikilia kwamba matokeo rasmi ndiyo yaandikwe. Hoja yao ina uzito, ila mahali pa pointi rasmi ni kwenye jedwali la mashindano, na jedwali lipo.

Udanganyifu wa aina hii haukuanza kwetu, wala hauhitaji nikabu. Alexander Alekhine, bingwa wa dunia, alichapisha mchezo wa ajabu wa Moscow, mwaka 1915, wenye malkia watano ubaoni kwa pamoja. Watafiti walipochimba wakagundua kwamba mchezo uliochezwa kweli dhidi ya Grigoriev ulikwenda njia nyingine, na ule wa malkia watano ulikuwa uchambuzi tu, tena katika mchezo wa kweli aliyekuwa na nyeupe alikuwa Grigoriev. Kwa miaka mingi ulikaa vitabuni kama mchezo halali. Wala siombi ufutwe. Ni mzuri mno, na historia yake ni sehemu ya historia ya Alekhine. Uwekwe alama.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye maji. Sisi wa Mtera tunalielewa jambo hili kwa njia nyingine. Bwawa hili lililokingwa pale Ruaha Mkuu inapopokea Kisigo lina kipimo cha kina, na mtu husoma na kuandika. Likijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini kilichowekwa cha kuendesha mitambo ni mita 690. Mitambo ya hapa, ya megawati 80, inafanya kazi ndani ya mita nane na nusu hizo, na ile ya Kidatu chini kule, yenye megawati 204, inategemea tunachomwachia mto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maji yalishuka, nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme, na lawama nyingi zikaelekezwa kwa wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu, juu ya mto. Baadaye watafiti walirudi kwenye kumbukumbu za mtiririko na kina, wakaonyesha kwamba namna mabwawa ya Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa nayo ilichangia. Waliweza kusema hivyo kwa kuwa tarakimu za zamani zilikuwepo bado. Angetokea msafishaji akasawazisha kila namba iliyomshangaza, wakulima wa Usangu wangebaki na kesi hadi leo.

Kwa hiyo, wewe mwenye kanzidata, au unayetaka kuanza, kazi yenyewe inakwenda hivi. Faili ulilopokea usiliguse kamwe. Tengeneza nakala, uitie tarehe kwenye jina, fanya kazi kwenye nakala. Kuna programu ya bure inaitwa Scid, iliyoandikwa na Shane Hudson wa New Zealand, isiyohitaji intaneti na inayokwenda hata kwenye kompyuta chakavu. Ina sehemu nzima ya usafi: inasahihisha majina kwa kufuata orodha ya tahajia, inasaka mapacha, inapanga michezo kwa aina ya ufunguzi. Ninachokipenda zaidi ni kwamba ukifuta mchezo, Scid hautupi. Inautia alama tu, na unaweza kuurudisha, mpaka siku utakayoamuru yenyewe faili libanwe. Usiamuru haraka. Kaa na alama zako mwezi mmoja, rudi uzikague ukiwa na akili iliyopumzika. Na kila badiliko kubwa, liandike kwenye daftari la kawaida, la karatasi: nimeunganisha jina hili na hili, tarehe fulani, kwa sababu hii.

Michezo ya kasi na ile ya mtandaoni iwe na faili lake. Ukiichanganya na ya mashindano, takwimu za ufunguzi zitakudanganya mchana kweupe. Na hatua ile ambayo mfalme na ngome yake husogezwa kwa pamoja ina kichekesho chake: kwenye karatasi, sheria za FIDE zinaiandika kwa sifuri, 0-0, lakini PGN inataka herufi O. Programu nyingine zinavumilia, nyingine zinaukata mchezo hapohapo na hazikwambii.

Mtu ataniuliza: haya yote ya nini, mchezo wenyewe ni wa kupitisha muda? Nimjibu kwa bao. Zipo picha za Mwalimu Nyerere akicheza bao, na kila mtu wa pwani atakutajia mafundi waliotamba barazani miaka ya nyuma. Picha haikuonyeshi kete zilikotoka wala alichokuwa akipanga mchezaji. Mholanzi Alex de Voogt alikwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa bao, akaandika tasnifu yake pale Leiden mwaka 1995, na sehemu kubwa ya kazi yake ilitegemea kukaa na mabingwa wenyewe wakiwa hai. Mafundi wengi waliotangulia hawakupata mtu wa kukaa nao. Sataranji imetupa karatasi bure, halafu sisi tunaziacha kwenye boksi chini ya meza ya ofisi.

Na karatasi zile hazidumu. Zile za nakala zisizo na kaboni, zenye rangi ya waridi au njano, zinafifia, na joto la Dodoma linaziwahisha. Kwa hiyo nawaomba waandaaji wote wa mashindano, kuanzia yale ya jiji hadi yale ya shule yenye mbao nne: kila jioni, kabla hamjaondoka ukumbini, pigeni picha karatasi zote za raundi hiyo kwa simu, moja moja, kwenye mwanga. Siku ya kujisajili mpeni mchezaji kalamu aandike mwenyewe jina lake lote, asiandikiwe. Na wewe uliyecheza zamani, ukiwa shuleni au chuoni, mwenye karatasi zako ndani ya sanduku, usimpe muuza karanga afungie. Mtafute mtunza kanzidata aliye karibu nawe, umpelekee hata zile zisizosomeka vizuri, umwambie ulicheza wapi, na nani, na herufi zako ni za lugha gani.